Usifungue Mpaka Usikie Jina

Darasani kwangu kuna sheria moja tu, na mwanafunzi asiyeishika nitamsumbua mpaka amalize shule: jibu kwanza. Mteja amekuja kwako na shida yake, hakuja kusikiliza hadithi. Mwambie ndiyo au mwambie hapana, halafu umpe sababu. Nimefundisha uandishi wa kisheria hapa Embu miaka kadhaa sasa, na hiyo ndiyo dini yangu. Wanafunzi huniita Madam Jibu wakidhani sisikii.

Alhamisi ile alasiri niliingia darasani nikiwa na furaha ya kijinga. Jumamosi Kithaka alikuwa aje kwetu Kianjai na watu wake kuniposa. Daktari Kithaka wa hakimiliki, mwenye suti ya kijivu na kicheko cha kuchelewa, ambaye wasichana wa mwaka wa kwanza humwandikia maswali yasiyo na maana ili tu awajibu. Huyo alikuwa wangu. Tuligawana darasa moja: yeye asubuhi anawapa nadharia na swali, mimi mchana nawafundisha kuliandika jibu. Tulipendana hivyo hivyo, tukigombania alama za wanafunzi kwenye korido. Mimi nasema huyu ameandika vizuri, yeye anasema ndiyo, lakini ameandika uongo vizuri.

"Haya," nikasema, "nani atasoma jibu lake? Runji, simama."

Runji akasimama. Ana sauti nzito, hata akinong'ona jengo zima linajua. "Wimbo huu hauna mwenyewe," akasoma, "kwa hivyo mteja wetu anaweza kuutumia apendavyo bila kumwomba mtu yeyote ruhusa."

"Umeanza na jibu. Vizuri sana. Sasa nieleze mimi ambaye sikuwa darasani asubuhi. Mteja ni nani, na wimbo ni upi?"

"Mteja ni kampuni ya sharubati, Madam. Wamepata wimbo wa kijijini, wanataka kuutia kwa tangazo. Daktari alituchezea wimbo wenyewe. Alisema aliurekodi kwa mama mmoja mzee huko Tigania, mtunzi hajulikani, ni wimbo tu wa jadi."

"Uko kwa grupu ya darasa," akasema Ilwad, yule binti wa Meru mjini ambaye baba yake, Mzee Abdiweli, ana malori. "Nikucheze, Madam?"

"Cheza."

Kwanza nikasikia mvua kwenye mabati. Mvua ile niliijua kabla sijajua kwa nini ninaijua. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kuimba Kimeru, polepole, ikikwama kidogo kwa kilio. Ilikuwa sauti yangu.

Nimetoka mbali, jua limeshuka,
mgongoni ndizi, moyoni wewe,
mbwa nyamaza, mtoto amka...

Ikakatika hapo. Mimi nikawa nangoja mstari wa mwisho. Midomo yangu haikungoja. Ilicheza yenyewe, bila sauti, na Ilwad alikuwa ananitazama.

"Madam," akasema taratibu, "hii sauti ni kama yako."

"Ni kama yangu," nikasema. "Endeleeni kuandika."

Nikaketi. 

Ngoja niwaeleze wimbo huo ni nini, maana bila hivyo mtaniona mwanamke wa kununa kwa vitu vidogo. Mama yangu aliuza ndizi soko la Gakoromone, Meru mjini. Alitoka Kianjai kabla hakujapambazuka, akarudi giza likiingia, na baba alikuwa shambani akilinda miraa isiibwe. Nilibaki nyumbani peke yangu, lango limefungwa kwa ndani, mimi na mbwa. Basi mama akatunga wimbo. Alianza kuuimba tangu kule kwenye kona ya barabara ili nisiogope nikisikia nyayo. Akanipa amri, akanishika masikio yote mawili nisisahau: "Wimbo mtu anaweza kuuiga. Usifungue mpaka usikie jina." Mstari wa mwisho ulikuwa jina lake. Fungua lango, ni Celina. Nikilisikia, ninakimbia.

Alipofariki, baba hakuuimba tena wala hakutaka kuusikia. Mimi niliuimba mara moja tu tangu tumzike, jikoni kwa mama yake Kithaka kule Kibugu, Desemba, mvua inanyesha, yeye amenishika bega. Aliniuliza kama anaweza kuurekodi. "Tutamchezea mtoto wetu," alisema, "amjue cucu, bibi yake." Nililia, nikaimba mpaka mwisho.

Mpaka mwisho, jamani. Nilifika kwenye jina.

*

Nilimkuta Kithaka ofisini kwake amesimama katikati ya chumba, ameshika gazeti lililokunjwa kwa mikono miwili, anatembea taratibu kuelekea kabatini. Gitobu, rafiki yake wa Maua, alikuwa amemfundisha namna ya kubeba ncoolo. Ncoolo ndicho kitita cha miraa teule, kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho mwanamume wa kwetu humpelekea baba wa msichana. Baba akikifungua na kutafuna, binti ameposwa. Kithaka ni Mwembu wa mashamba ya chai, hajui miraa hata ya kufukuzia usingizi, na tata Karimi, dada ya baba, alikuwa amekwisha kusema kwamba mtu asiyejua kushika ncoolo hatajua kushika mke.

"Mpenzi, niangalie," akasema, uso umemeremeta. "Nimeshika vizuri?"

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Nilimpenda sana pale alipokuwa amesimama na gazeti lake.

"Nani huyo mama mzee wa Tigania?" nikauliza.

Gazeti likashuka.

"Nkirote..."

"Mtunzi hajulikani. Si ndivyo ulivyosema? Mimi nimekaa pale mbele nikisikiliza wanafunzi wangu wakiniambia mama yangu hajulikani, tena kwa sentensi nzuri nilizowafundisha mimi mwenyewe!"

"Si uketi kwanza."

"Siketi."

"Ni mfano tu wa darasani, haki ya Mungu. Tena mfano mzuri sana. Angalia: wimbo haukuandikwa popote, mtunzi amefariki, kisheria..."

"Usiniambie kisheria, Kithaka. Mimi sijaja hapa kama mteja."

Akapangusa paji la uso. Alikuja karibu akataka kunishika mkono, nikaurudisha nyuma. Macho yake yalikuwa yaleyale, yale yaliyonitazama jikoni nikilia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ningemwona amegeuka mtu mwingine ningepata nafuu.

"Uliukata," nikasema.

Akaanza kulikunjua gazeti.

"Nauliza, uliukata ule mwisho? Ama simu yako ilichoka kabla ya kufika kwa jina la mama?"

"Ni maneno matatu manne tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Akatazama dirishani. "Kwa sababu jina lingeharibu hoja."

Nikamwambia arudie. Akarudia, taratibu, kama mtu anayefundisha. Alikuwa akiandika makala yake kubwa juu ya nyimbo zisizo na wenyewe. Mkuu wa kitivo aliisoma akaisifu, akamwambia kwa kazi hii uprofesa uko karibu. Wimbo ule ndio ulikuwa moyo wa makala. Sasa wimbo usio na mwenyewe hauwezi kuishia kwa kumtaja mwenyewe. Angefanya nini?

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ungekataa."

Eti ningekataa! Basi alijua. Aliyafikiria yote, akapima, akaniona mimi ndio kizuizi, akanipita pembeni.

"Waambie wanafunzi kesho," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeshuka, nikijisikia naomba, na sikupenda. "Waambie mtunzi anaitwa Celina, na mwimbaji ni binti yake. Mwambie na mkuu. Ukifanya hivyo mimi nitasahau. Nakuapia nitajitahidi kusahau."

"Baada ya posa, Nkirote. Makala iko kwa wahariri. Nikigeuka sasa wataniona mwongo."

"Kwani wewe ni nini?"

Nilipofika mlangoni akaniita, na sauti yake ilikuwa na kilio ndani. "Nakupenda. Hilo unalijua. Jumamosi nitafanya kitu utajua nakupenda."

Nikatoka. Usiku ule nilipanga nguo za kwenda Kianjai, nikazipangua, nikazipanga tena. Mimi, mwalimu wa jibu kwanza, sikuwa na jibu.

*

Jumamosi tata Karimi alinivika leso mbili na kunikagua mbele na nyuma.

"Mbona uso huo? Unaposwa ama unapelekwa kortini?"

"Tata, si wewe ulisema Waembu hawafai?"

"Nilisema. Na nitasema tena wakishakula. Lakini mtu akija na ncoolo anapokelewa. Weka meno nje."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Ningeanzia wapi? Baba, Mzee Kathuri, alikuwa amevaa koti lake la Krismasi na kofia, anazunguka uani akirekebisha viti vilivyokwisha kurekebishwa. Tangu mama afariki sikuwahi kumwona amechangamka hivyo. "Kijana ana masomo," aliwaambia wazee wenzake, "na anampenda mtoto wangu, nimeona kwa macho." Nilipomsikia nikasema moyoni, Nkirote, nyamaza. Watu wameolewa na makosa makubwa kuliko haya. Labda ataniomba radhi leo. Labda hicho ndicho alichosema atafanya.

Magari yakasikika. Kwetu wageni wa posa hawaingii ovyo. Husimama nje ya lango, wanawake wao huimba, na walio ndani hujifanya hawasikii, huwatania, mpaka mwenye boma aridhike ndipo afungue. Baba akaenda akashika komeo. Mimi nikasimama nyuma yake kwa sababu miguu ilinipeleka.

"Hodi huku!" wakaita.

"Huku hakuna watu!" tata Karimi akajibu, na wanawake wetu wakapasuka kicheko.

Kati ya mbao za lango nilimwona Kithaka. Alikuwa na ncoolo mikononi, ameishika sawasawa kama alivyofundishwa, mama yake kulia kwake, na kushoto mkuu wa kitivo aliyekuja na mke wake kumpa heshima. Akaniona. Akatabasamu, akampa ishara mama yake. Wanawake wa Kibugu wakavuta pumzi wakaanza.

Nimetoka mbali, jua limeshuka...

Walikuwa na sauti nzuri, hilo lazima niseme. Walijifunza Kimeru chake kwa bidii, wakakipinda kidogo kwa Kiembu. Na nikaelewa. Hiki ndicho kitu chake cha kuonyesha ananipenda. Aliniletea wimbo wa mama langoni kwa mama.

Nikamtazama baba. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Akavua kofia, akaishika kifuani, na uso wake ukawa wa kijana. Sijui kama alikumbuka kwamba kuna wageni. Alikuwa anasikiliza mke wake akirudi kutoka Gakoromone.

...mgongoni ndizi, moyoni wewe,
mbwa nyamaza, mtoto amka...

Kidole chake kikainua komeo. Akangoja.

Nao wakarudi mwanzo. Nimetoka mbali, jua limeshuka. Kwani wangejuaje? Walijifunza kutoka kwenye ile rekodi. Walifika "mtoto amka" mara ya pili, wakarudi mwanzo tena, kwa furaha, mmoja akipiga vigelegele.

Baba alingoja kila mara. Kila mara kidole kiliinuka kikashuka. Halafu akageuka akanitazama, na yule kijana alikuwa ameondoka usoni.

"Nkirote," akaniuliza polepole, "wimbo huu wamefundishwa na nani? Mbona hawamtaji?"

Nilisogea mpaka kwenye mbao, nikamtazama Kithaka. Tulikuwa karibu kiasi cha kushikana.

"Malizia," nikamwambia. "Wewe unaujua. Malizia tu, baba afungue."

Wanawake walikuwa wamenyamaza. Kithaka akafumbua mdomo. Naapa niliona jina likija, nililiona kabisa, na moyo wangu ukaruka, nikawa tayari kusamehe yote, makala, darasa, kila kitu. Neno moja tu. Ningefungua lango mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Macho yake yakaenda kushoto, kwa mkuu wa kitivo.

"Si unajua," akasema, akijaribu kucheka, "hizi nyimbo za jadi kila mtu ana mwisho wake."

Mkuu akatikisa kichwa kukubali, mzee wa watu. Hakujua lolote.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Ilikuwa ya kukwaruza, sauti ambayo haijaimba siku nyingi. Baba alikuwa ameegemea nguzo ya lango, amefumba macho.

"Fungua lango," akaimba, "ni Celina."

Hakuimba kwa nguvu. Lakini wanawake wa Kibugu ni waimbaji, na mwimbaji akisikia mstari uliokuwa unakosekana haulizi. Mama yake Kithaka ndiye aliyeushika kwanza. "Fungua lango, ni Celina!" Wengine wakaingia, wakaupandisha, wakaugawa sauti mbili, na wanawake wetu wa ndani waliomjua mama wakajibu kwa vigelegele na machozi. Tata Karimi akaketi chini mavumbini na leso yake mpya. Jina la mama yangu likapita juu ya lango, likaenda mpaka barabarani. Aliyenyamaza nje ni mmoja tu.

Mkuu wa kitivo akamgeukia. "Daktari, Celina ni nani?"

Kithaka akaitazama ncoolo.

"Ni mama yangu, bwana," nikasema mimi. "Mtunzi. Na sauti ile ya kwenye rekodi ya Daktari ni yangu."

Mkuu akatazama chini kwenye viatu vyake. Baba akapangusa uso kwa kofia. Kisha akafungua komeo, kwa sababu jina lilikuwa limesikika na yeye ni mtu wa kutii amri za mkewe. "Karibuni, mama," akawaambia wanawake. "Mmeimba vizuri. Chakula kipo." Wakaingia mmoja mmoja, wamechanganyikiwa, wakinishika mikono. Mama yake Kithaka alinikumbatia bila kuuliza kitu, na harufu ya jikoni kwake, ya moshi na majani ya chai, karibu inivunje.

Kithaka akapiga hatua. Nikasimama katikati ya lango.

"Nkirote, tafadhali. Nitasema sasa. Nitawaambia wote."

"Wameshaambiwa."

"Nilikosa. Nipe nafasi nikueleze sababu."

Nilimpenda hata pale. Nawaambia kweli, nilimpenda na mikono ilitaka kumshika, na ndiyo maana nilizungumza haraka.

"Jibu ni hapana, Kithaka," nikasema. "Sababu unazo."

Nikarudisha lango, nikashusha komeo. Nilipochungulia kati ya mbao alikuwa bado amesimama pale, ncoolo mikononi, ameishika vizuri kabisa.